Sabufa ya pili isiwekwe kona moja na ya kwanza

MHARIRI,

Wengi wanaonunua sabufa (spika ya besi) ya pili huiweka juu ya ile ya kwanza, kona ileile. Wanachopata ni kelele zaidi, kasoro zikibaki palepale. Tatizo la besi sebuleni ni chumba chenyewe. Chumba chenye urefu wa mita 5 hukuza mawimbi ya karibu hezi 34 (mitetemo 34 kwa sekunde): yanavuma kwenye kuta mbili za mwisho, yanafifia katikati, ambako mara nyingi ndiko kochi liliko.

Weka moja katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma unaoitazama. Mvumo huo wa chumba hupungua sana na viti vyote hupata besi inayokaribiana. Ziwe za aina moja.

Kama amplifaya ina tundu moja la sabufa, waya wa RCA (wa sauti, wenye vichomeo vya duara) wa kugawa njia mbili unatosha, mradi kila sabufa ina amplifaya yake ndani. Zisizo nayo, za omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme), ukiziunga sambamba zinakuwa omu 2, na hapo amplifaya nyingi za nyumbani zinaweza kuungua. Zenye amplifaya ndani zikitoa mngurumo wa umeme, zichomeke zote kwenye soketi moja ya ukutani.

Kata masafa kwenye hezi 80, yaani sabufa zicheze sauti za chini ya hapo tu, punguza sauti ya kila moja, kisha geuza swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa mtetemo wa spika) ya zote mbili kwa pamoja, nyuzi 0 au 180, huku mwenzako akisikiliza kochini. Acha swichi pale penye besi nzito zaidi.

Fundi redio,
Tanga