Gari liache Dublin, mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Picha ya leseni nimeiona, na nimeizungusha kijiweni mpaka simu ikazima chaji. Lakini hili la kwamba Jumamosi utatoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, uoge, kisha ushike usukani kuwapeleka wenzako kutalii bonde la mto Boyne huko Ireland, nimelisikia kwa mdogo wako. Mimi niliyewasomesha kwa usukani ndiye wa mwisho kujua.

Kwenda sikukatazi. Mdogo wako amenisomea habari za Newgrange, kaburi la kale la hapo bondeni. Limejengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, piramidi za Giza hazijakuwepo, na dari lake la mawe yaliyopandanishwa bila saruji halivujishi maji hadi leo. Sisi bati la juzi tu linadondosha jikoni. Litazame vizuri lilivyopangwa unieleze, maana nasikia ndani hawaruhusu kupiga picha.

Ninachokataa ni wewe kuendesha gari ukiwa umekesha. Saa kumi na mbili unageuza wazee vitandani, halafu uingie barabarani? Watu wanadhani usingizi wa dereva unakuja usiku wa manane tu. Unakuja hata asubuhi, barabara imenyooka, abiria wamenyamaza. Macho yako wazi, lami unaiona, ila ukijiuliza umepita kijiji gani hukumbuki. Hapo ujue ulishalala. Kahawa haitoshi, kufungua kioo hakusaidii. Mimi niliyajua hayo kabla ya kufika Manyoni, na utingo wangu wa wakati ule mpaka leo tukikutana sokoni anavuka upande wa pili. Tuyaache.

Na usiniambie barabara za Ulaya ni nzuri. Wenyewe Februari 2025 wameshusha mwendo wa barabara ndogo za vijijini kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa. Wangekuwa hawaogopi wasingeshusha. Barabara zenyewe ua wa vichaka umezibana kushoto na kulia, na Desemba jua la huko linazama saa kumi na kidogo. Wewe bado umebandika N nyekundu ya dereva mpya mbele na nyuma, na utaibandika miaka miwili. Najua ulifaulu vizuri. Nilijua utafaulu, hata mama yako alipokuwa anasema upeleke hela hiyo kwenye kiwanja. Lakini mtihani ulifanya umelala.

Treni ya kutoka Dublin hadi Drogheda ipo, na mabasi ya watalii yapo. Panda hayo, usinzie kwenye kiti kama abiria wengine. Ngome ya Trim iacheni siku nyingine. Mkiilazimisha hiyo mtarudi gizani.

Drogheda usiipite. Masista waliokuwa hospitali ya Makiungu, ulikozaliwa, nyumba mama ya shirika lao iko mji huo. Mama Mary Martin alilianzisha mwaka 1937. Mama yako anawakumbuka kuliko anavyozikumbuka harusi za ndugu zangu. Anataka umwashie mshumaa kanisa la Mtakatifu Petro, lenye kichwa cha Mtakatifu Oliver Plunkett, askofu mkuu aliyeuawa London mwaka 1681. Kimehifadhiwa kwenye kioo, watu wanakiona. Mimi nisingekitazama nikiwa na njaa, ila wewe ni nesi. Kama muda utabaki, Monasterboice, karibu na Drogheda, kuna msalaba wa jiwe wa Muiredach, zaidi ya mita tano kwenda juu, umechongwa habari za Biblia pande zote. Hapo piga picha, katekista ameniomba.

Wenzako wakisema wamekwisha lipia gari, waendeshe wao, mradi awe aliyelala. Ukiona haya kuwakatalia, sema baba amekataa. Mimi ubaya nimeshauzoea.

Hela uliyotuma imefika. Nusu imekwenda kwenye ada ya mdogo wako, nyingine mama yako ameificha na hasemi wapi. Alizeti tumekamua, mafuta ni mazuri ila bei imeshuka, kwa hiyo madumu nimeyaweka chumbani kwako mpaka ipande, usishtuke ukija. Kuku wa mama yako wamepata kideri, wamebaki wachache na jogoo mmoja mkorofi.

Fundi wa tangi anataka jibu wiki hii: lita elfu mbili au elfu tano? Mimi nasema elfu tano. Nijibu Ijumaa, kabla hujaingia zamu, na uniambie treni yenu inaondoka saa ngapi.

Baba yako