Mwanangu, kuhusu bresi ya goti lako

Mwanangu mpendwa,

Pole tena na goti la kulia. Nimezitazama picha tatu za bresi, vile vifaa vya kushikilia goti, ulizonitumia, na majibu ya daktari nimeyasoma: ligamenti ya pembeni, upande wa ndani, imechanika sehemu, daraja la 2, na nyingine zote ni nzima. Majibu hayo ndiyo yatakayokuchagulia bresi. Acha kwanza rangi, uzito na maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Uliza goti lako linakimbilia upande gani likiachiwa, kisha tafuta bresi inayoziba njia hiyo moja huku ikikuacha ukunje na kunyoosha mguu.

Goti lina ligamenti kubwa nne, yaani kano ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa. Mbili zimekaa pembeni: ya ndani huzuia goti lisilalie upande wa goti la pili, ya nje huzuia lisipinde kwenda nje. Mbili nyingine zimepishana katikati ya goti kama msalaba. Ya mbele huzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele, ya nyuma huzuia usirudi nyuma. Yako ni ya ndani, basi kinachokudhuru ni msukumo wowote unaolipeleka goti ndani: kugongwa ubavu wa nje wa goti, kugeuka ghafla unyayo ukiwa umebaki chini, kuogelea kwa teke la chura, hata kushuka kwenye gari kwa kutanguliza mguu mmoja huku kiwiliwili kikiwa bado kitini.

Bresi ya picha ya kwanza ni soksi ya goti. Ni kitambaa cha lastiki au neoprini (mpira laini) kinachobana na kutia joto. Husaidia uvimbe kidogo na hukufanya ulihisi goti vizuri zaidi, lakini pembeni haina chochote kigumu. Kwa daraja la 1, nyuzi zikiwa zimevutika tu, inaweza kutosha. Kwa daraja la 2 itakupa ujasiri ambao goti lenyewe halina, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Ya pili ndiyo inayowapotosha wengi. Ina vijiti pembeni, na muuzaji atakuambia inashikilia ligamenti, lakini vile vijiti ni springi zilizosokotwa, zinapinda kila upande. Ukiwa dukani, shika bresi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono wa pili, kisha jaribu kuipinda kwenda pembeni. Ikikubali kupinda, irudishe. Bresi ya kukufaa hukubali kukunjwa mbele na nyuma tu, pembeni hukataa.

Chukua aina ya tatu, yenye bawaba pande zote mbili na vyuma bapa vinavyopanda pajani na kushuka kando ya shavu la mguu. Vyuma virefu ni bora, kwa sababu vikishika paja na muundi mbali na goti, vinapata nguvu ya kuzuia mguu usipinde, kama mpini mrefu unavyorahisisha kazi ya mkono. Kagua pia mifuko vinamokaa vyuma hivyo. Chuma kikicheza ndani ya mfuko, bawaba itahama kila unapokaa na kusimama. Bawaba yenye ekseli mbili (vyuma vya kuzungukia) au meno yanayosagana hufuata mwendo wa goti vizuri kuliko yenye ekseli moja, kwa kuwa goti haligeuki mahali pamoja kama mlango, huviringika na kuteleza kwa wakati mmoja.

Kwa sasa goti limevimba, kwa hiyo chagua ya kuzungushia, inayofunguka yote mbele. Zile za kuvutwa kutoka kidoleni kwenda juu zitakulazimisha ulivute goti lenyewe, na kila mara utaliamsha. Tundu la mbele kwenye pia ya goti ni zuri, linaondoa mgandamizo pale. Nafasi nyuma ya goti nayo ina maana, kitambaa kisijikunje na kukukata unapokaa.

Kuna bresi moja inayofanana sana na hiyo lakini wewe usiiguse: ile ya watu wenye gegedu, tabaka laini la kwenye ncha za mifupa, zilizolika upande wa ndani wa goti. Nayo ina bawaba na mikanda, ila imetengenezwa kulisukuma goti kuelekea ndani ili upande uliolika upumue. Msukumo huo ndio ligamenti yako inaoukimbia. Ukiona imeandikwa kwamba inapunguza mzigo kwa wenye baridi yabisi, ipite. Fremu ngumu za nyuzi za kaboni wanazovaa wachezaji, nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ligamenti msalaba. Baadhi zinausukuma muundi urudi nyuma kwa ajili ya ligamenti ya mbele, na mwenye jeraha la ligamenti ya nyuma akivaa hizo anajiongezea tatizo. Hata zikimfaa mtu, hazishiki nafasi ya ligamenti iliyokatika, wala hazizuii vizuri goti kujizungusha.

Sasa vipimo, na hapa nakuomba usikadirie. Saizi ya suruali haikusaidii kitu. Tafuta futi laini ya fundi cherehani. Simama, uzito uwe miguu yote miwili, usikaze misuli. Weka alama ya kalamu katikati ya pia ya goti, kisha alama nyingine sentimita 15 juu yake na sentimita 15 chini yake. Pima mzunguko kwenye alama zote tatu, juu ya ngozi tupu, futi iguse bila kubana. Umbali wa sentimita 15 ndio watengenezaji wengi wanaotumia, lakini soma chati ya bresi yenyewe, maana wengine huanza kupima mahali tofauti. Vipimo vikiangukia saizi mbili, usiamue kwa goti lililovimba, maana uvimbe utashuka. Paja ndilo huamua kwa bresi nyingi za bawaba. Pima tena kila wiki, kwa sababu msuli wa mbele wa paja hupungua haraka mguu usipofanya kazi, na bresi iliyokaa vizuri leo inaweza kulegea baada ya wiki mbili.

Kuivaa, kaa ukingoni mwa kiti, goti likunjwe nusu ya pembe mraba hivi, unyayo uwe sakafuni. Kitovu cha bawaba kilingane na katikati ya pia ya goti kwa urefu, na kikae nyuma kidogo ya mstari unaogawa mguu katikati ukiutazama kwa ubavuni. Bawaba ikiwa chini mno, kila unapokunja mguu bresi itajisukuma yenyewe kuteremka, na wewe utadhani imelegea, uikaze, uumie bure. Anza na mkanda ulio nyuma, chini kidogo ya goti, juu ya shavu la mguu. Huo ndio nanga, msuli unaonenepa chini yake unazuia bresi kuteremka. Kisha mkanda wa paja ulio karibu na goti, halafu wa juu kabisa na wa chini kabisa. Mikanda ikiwa na namba, fuata namba. Kaza hadi kidole kimoja kipite kwa shida. Tembea dakika 10, panda na kushuka ngazi chache, kisha kaza upya, kwa sababu pedi zikigandamizwa mikanda hulegea.

Ikiendelea kuteremka, sababu huwa ni saizi kubwa, mafuta au losheni kwenye ngozi, suruali iliyovaliwa ndani yake, au mkanda ule wa nanga uliolegezwa. Usijibu kwa kukaza wa juu ya paja, utazuia damu tu.

Kuna kifupa cha mviringo upande wa nje, chini kidogo ya goti. Kiguse ukijue. Mshipa wa fahamu wa kuinua unyayo unapita hapo karibu na ngozi, na mkanda au ncha ya chuma ikiukandamiza utahisi ganzi juu ya unyayo, au vidole vitagoma kuinuka. Fungua mara moja, na ganzi isipoondoka muone daktari siku hiyohiyo. Kila unapovaa bresi, bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu hadi upauke, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ukiivua, alama nyekundu ni kawaida, lakini zikikaa zaidi ya nusu saa ujue kuna mahali panabana. Vipele na muwasho vilivyofuata umbo la kitambaa mara nyingi ni mzio wa kemikali za neoprini. Vaa soksi nyembamba ya pamba ndani kwa muda, kisha badilisha kitambaa.

Bresi nyingi za aina hii huja na vizuizi vidogo vyenye nambari za nyuzi za pembe (digrii), vya kupunguza kunyoosha au kukunja. Uliza daktari kama anataka vitumike, maana nyuzi za mwisho za kunyoosha huvuta ligamenti ya ndani, na wengine huzifunga kwa muda. Usivibadilishe mwenyewe. Vikibadilishwa, cha bawaba ya ndani na cha bawaba ya nje lazima viwe na nambari moja, la sivyo bresi itaukunja mguu upande.

Kwa daraja lako, wengi huvaa kwa wiki 3 hadi 6 kila wanapotembea, huku mazoezi ya fiziotherapia yakiendelea, na kuivua hakuamuliwi na kalenda bali na mtaalamu anayelipima goti. Usiliache paja lilale kwa sababu bresi ipo: kaza msuli wa mbele wa paja mguu ukiwa umenyooka, shikilia sekunde 5, mara 10, awamu 3 kwa siku, kama hujakatazwa.

Ukioga, ivue. Kabla ya kuiosha toa vyuma, funga velkro zote, fua kwa mkono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, anika kivulini. Kagua skrubu za bawaba kila wiki.

Shavu la mguu likivimba, likiwa la moto na kuuma, usidhani ni bresi, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Nenda hospitali, na kifua kikiuma au pumzi zikikatika nenda kwa dharura. Goti likikwama lisinyooke kabisa, usilivute, huenda menisko, ile pedi ya gegedu iliyo kati ya mifupa ya goti, imechanika; muone daktari.

Nitumie vipimo vyako vitatu, vya mguu mbaya na vya mguu mzima, pamoja na chati ya ile ya tatu, kabla hujalipa. Na uhakikishe boksi linasema mguu wa kulia.

Mamako