Barua ya wazi kwa vijana wanaoingia kazi ya manowari

Wanangu wa Mtongwe, Kigamboni na popote pwani yetu mlikovaa sare ya majini kwa mara ya kwanza mwaka huu,

Nawasalimu kila mmoja kwa imani yake. Mimi si mwanajeshi. Nimefanya kazi kwenye meli za mizigo hadi nikawa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, na sasa ni mzee wa kukaa barazani Likoni, nikitazama vyombo vikiingia na kutoka. Nawaandikia kwa sababu baadhi yenu mnapita kunisalimu, na nawasikia mkiisifu HMS Petard, destroya (manowari nyepesi yenye kasi) ya Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Mnaisifu kwa haki. Ila mnaisifu kwa nusu ya habari zake, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu sisi.

Mnayoyajua ni haya. Petard ilishiriki kuzamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya Mhimili: ya Wajerumani, ya Waitaliano na ya Wajapani. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Kati upande wa Misri, yeye na wenzake waliiwinda nyambizi ya Kijerumani U-559 kwa saa nyingi hadi ikaibuka juu. Luteni Antony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea gizani, wakaingia ndani ya chombo kilichokuwa kikijaa maji, wakaanza kutoa vitabu vya siri. Aliyevipokea juu ni Tommy Brown, kijana wa kantini aliyedanganya umri ili apate kazi melini. Nyambizi ikazama ghafla na wale wawili wakaenda nayo. Vitabu vile viliwawezesha wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua maandishi ya siri, kusoma tena mawasiliano ya nyambizi za Kijerumani, baada ya miezi kumi ya kutoelewa neno. Ujasiri wa watu wale siuondolei hata chembe.

Lakini destroya ya kusindikiza haikupewa kazi ya kuwinda. Ilipewa meli za wengine izifikishe. Msafara huenda kwa mwendo wa meli inayokwenda polepole kuliko zote, na destroya yenye uwezo wa kukimbia kuliko zote hulazimika kwenda nao, ikikata kushoto na kulia mbele ya wenzake usiku na mchana, asdiki, chombo cha kutafutia nyambizi, kikipiga mlio chini ya maji na baharia mmoja akisikiliza mwangwi. Wiki hupita bila kusikia kitu. Msafara ukifika salama hakuna anayepewa nishani, na ile ndiyo siku kazi imefanyika sawasawa.

Sasa njooni nyumbani. Mwezi wa Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo kwa ndege, Waingereza waliona kisiwa cha Ceylon (Sri Lanka ya leo) hakina usalama, wakahamishia manowari zao Kilindini, bandari ya Mombasa. Hata wasikilizaji wao wa redio za adui waliwekwa katika shule ya Allidina Visram pale Mombasa. Kufika mwanzo wa 1944 hali ilikuwa imegeuka. Majeshi yalikuwa yakivushwa kwenda mashariki kwa ajili ya vita vya Burma, na askari wetu walikuwa miongoni mwao.

Msafara ulioitwa KR 8 uling'oa nanga Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo. Meli tano za abiria: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Walinzi walikuwa Hawkins, manowari kubwa iliyozeeka tangu vita vya kwanza, na destroya mbili tu zenye uwezo wa kupambana na nyambizi, Paladin na Petard. Mbili kwa meli tano zilizojaa watu. Shikeni hesabu hiyo, nitairudia.

Khedive Ismail ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwepo mabaharia wa Kiingereza, wauguzi wanawake na wasichana wa jeshi la majini. Askari wetu wengi walitoka bara, mtu hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo mpaka siku ile alipopandishwa ngazi Kilindini.

Jumamosi tarehe 12 Februari, saa nane na kitu mchana, karibu na Maldives, bahari shwari na jua kali. Askari wengi walikuwa vyumba vya chini. Juu, kwenye ukumbi wa abiria, watu walikuwa wamekusanyika kusikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27 ilipenya ulinzi, ikapiga torpedo mbili, makombora yanayokwenda chini ya maji. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Nimeshusha mashua za kuokolea mara nyingi kwenye mazoezi, mchana, mabaharia wazoefu, hakuna anayelia wala anayekanyagwa, na bado dakika mbili hazikutosha hata kufungua kamba na kuigeuza mashua nje ya ubavu. Wale wa chini hawakuwa na nafasi ya kufika ngazini.

Meli nne zilizobaki zikatawanyika kukimbia, kama ilivyoamriwa siku zote. Paladin akashusha mashua kuokota watu. Petard akaanza kusaka. Na mwangwi ukapatikana mahali pabaya kuliko pote: I-27 ilikuwa chini ya watu waliokuwa wakielea.

Hapa nataka mwende polepole. Kila bomu la kina lilikuwa na baruti ya zaidi ya kilo 100. Linatupwa kutoka tezi na ubavuni, linazama, linalipuka kwenye kina kilichopangwa. Mtu aliye majini haguswi na chuma. Kinachomuua ni msukumo wa maji, unaomkandamiza kifua na kumpasua matumbo. Mabaharia wa Petard walijua hilo vizuri. Na wao walikuwa wakiziona sura za watu, kwa sababu meli ilipita katikati yao, na wale majini walipunga mikono wakidhani imekuja kuwachukua. Kamanda Rupert Egan akatoa amri, mabomu yakatupwa.

Nyambizi ilipoibuka, Paladin akaenda kuigonga. Egan akamwashiria aache, lakini alikuwa amekaribia mno, na pezi la nyambizi likampasua ubavu. Mizinga ya Petard haikuweza kutoboa gamba la I-27. Zikafuata torpedo, moja baada ya nyingine, zikikosa, hadi ya saba ndiyo iliyopiga. Mapambano yote yalichukua saa mbili na nusu hivi. Walionusurika wa Khedive Ismail wakapelekwa Addu, kusini mwa Maldives: wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297.

Kuna kati yenu wanaosema Egan alikuwa muuaji, kwamba wale majini wangekuwa wote wazungu asingethubutu. Majini walikuwemo wazungu pia, na mabaharia wenzake, na wanawake. Kuna wengine wanaosema ni vita, yamekwisha, nyambizi ilizama, alama kwa Petard. Nyote nawaomba mtulie. Mimi naamini alilazimika. I-27 ingeachwa, ingezifuata zile meli nne zenye maelfu ya roho, au ingeipiga Paladin iliyosimama kuokoa. Kusema alilazimika hakumaanishi kwamba waliokufa kwa mabomu yake walikufa kidogo. Ndugu wa askari wale wakiona uchungu hadi leo, msiwaite wajinga wa mambo ya vita. Uchungu wao una haki, na amri ya Egan ilikuwa na sababu, na ninyi mtakaoshika madaraka mtalazimika kuyabeba yote mawili kichwani bila kulitupa moja.

Na lawama yangu kubwa siipeleki kwenye daraja la Petard, pale kamanda anaposimama kuongoza meli. Naipeleka nchi kavu, kwa waliokaa na ramani wakaona destroya mbili zinatosha kwa meli tano katika njia ambayo nyambizi za adui zilijulikana kupita. Kosa lilifanywa kabla kamba hazijafunguliwa Kilindini. Ile saa ya mabomu, Egan alikuwa akichagua kati ya mabaya waliyomwachia wengine. Siku mtakapokuwa wakubwa na kuketi kwenye meza hiyo, mkaulizwa chombo kimoja kinatosha kusindikiza, jibuni mkizikumbuka meli tano na destroya mbili. Kataeni, hata kama mkubwa wenu amekasirika.

Mengine nayasema kwa ufupi kwa kuwa wakufunzi wenu wanayajua kuliko mimi. Zamu ya macho msiidharau eti kuna rada. Abiria wa bara, mwonyesheni ngazi kwa mkono, siku ya kwanza, na mumpandishe mwenyewe mara mbili na usiku mara moja. Tangazo la kipaza sauti halimfundishi mtu njia ya kutokea gizani. Na mkisindikiza meli, jueni imebeba nani. Sizungumzii idadi tu. Teremkeni bandarini kabla ya kuondoka, muwaone. Nahodha aliyewahi kumsalimu mtu anamwangalia tofauti akiwa baharini.

Petard ilivunjwa kwa chuma chakavu huko Scotland mwaka 1967, nayo imeandikwa sana. Kikosi cha 301 hakikuandikwa hivyo. Majina yao yamechongwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road, kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa hawana kaburi. Mkisimama pale mtayatambua majina ya ukoo, ya Kenya, ya Uganda, ya Tanganyika, mengine huenda ya darasani mwenu. Ulizeni wazee wa kwenu kama kuna babu aliyeondoka na jeshi akasemwa tu kwamba "alipotelea majini". Yaandikeni wanayowaambia, jina, kijiji na jina la mama, kwa sababu wanaokumbuka wanazidi kupungua.

Mimi nakusudia kwenda Nairobi tarehe 12 Februari ijayo, nisome majina yale kwa sauti kadiri pumzi itakavyonifikisha. Macho yangu hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo nahitaji wasomaji. Anayetaka kufuatana nami apite barazani kabla ya mwisho wa Januari tupange nauli, na aliye Kigamboni atume neno kwa wenzake wa Mtongwe. Njooni na sare.

Ni mimi mzee wenu,
Serahangi mstaafu, Likoni