Barua kwa Mwajuma: mpunga wa Ciptagelar

Mpendwa Mwajuma,

Salamu nyingi kwako, kwa mzee na kwa wote hapo Ifakara. Umeniuliza kwa nini mpunga wako unaingia fukusi na harufu ya uvundo ungali kwenye magunia, tena mwaka haujaisha. Nitakujibu kwa kukupitisha Ciptagelar, kijiji cha Wasunda kilichoko kwenye miteremko ya mlima Halimun, wilaya ya Sukabumi, magharibi mwa kisiwa cha Java huko Indonesia. Wanalima mpunga mara moja tu kwa mwaka, mila inawakataza kuuza hata kibaba, na bado maghala yao yana mpunga wa miaka iliyopita. Kiongozi wao wa mila huitwa Abah, yaani baba. Makao ya jamii huhama pale Abah anapopata maelekezo ya wahenga; hapo walipo walihamia mwaka 2001.

Mwaka wao wa kilimo unaanzia angani. Kuna kundi la nyota wanaloliita Kerti, ambalo ndilo kilimia chetu. Kerti ikionekana, vyuma vya kulimia hutolewa na kunolewa. Wakiiona Kidang, zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, watu huteremka shambani. Wewe uliyefundishwa kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, hili halitakuwa geni kwako. Ila wao wana onyo jingine: Kidang ikipotea machoni, kungkang hushuka. Kungkang ni yule mdudu mwembamba anayenuka ukimminya, anayefyonza punje ikiwa bado ina maziwa na kuacha mapepe. Aliyepanda pamoja na wenzake, punje zake zimeshakomaa mdudu anapozidi. Aliyechelewa huwalisha wadudu wa kijiji kizima, na ndiyo maana tarehe ya kupanda si uamuzi wa mtu mmoja.

Msimu ukiisha, majaruba hupumzika. Wengine huyajaza maji wakafuga samaki. Mpunga wa asili wa huko hukaa shambani miezi mitano hadi sita, kwa hiyo hata nafasi ya kulima mara ya pili ni finyu, na wadudu wanakosa chakula kwa miezi kadhaa. Tambarare za Java zilifuata njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1970 zilijaa mbegu fupi za muda mfupi, misimu miwili au hata mitatu kwa mwaka, na mwaka 1984 nchi ikajitosheleza kwa mchele. Siwezi kulibeza jambo hilo, watu wengi walishiba. Lakini mpunga ukiwa shambani mwaka mzima, yule mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mashina hana siku ya njaa, na dawa zilizopulizwa ziliwaua buibui waliokuwa wakimla. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za viuadudu kwenye mpunga.

Sasa tuje kwenye uvunaji, maana jibu lako liko hapo zaidi kuliko kwenye ghala.

Hawatumii mundu. Wanatumia kisu kidogo kiitwacho ani-ani, au etem kwa Kisunda: kijibao kinachoenea kiganjani, wembe mfupi umechomekwa ukingoni, na kijiti cha mwanzi kimepita katikati kuwa mpini. Kijiti hukaa ndani ya ngumi, wembe ukachungulia kati ya vidole. Mvunaji huvuta bua kwa ncha za vidole, analielekeza kwenye wembe, linakatika shibiri moja hivi chini ya suke. Anavuna suke moja moja, kama akina mama wa Pemba wanavyovuna kwa visu vyao vidogo. Suke bichi linaachwa lisubiri, na lenye punje za mbegu nyingine linatengwa. Ndivyo jamii ile inavyotunza aina nyingi za mpunga bila kuzichanganya. Na kwa kuwa hakuna kupiga mpunga shambani, punje haipasuki ganda, haichanganyiki na mchanga, na inabaki imeshikwa na suke lake.

Masuke hufungwa miganda, kisha kila mganda unapanuliwa na kupandishwa kwenye kichanja kirefu cha mianzi, nusu huku na nusu huku, masuke yakitazama chini ili maji ya mvua yateleze. Hapo unakaa mwezi mzima au zaidi. Wengi wetu tunadhani kukausha haraka ndiko kukausha vizuri. Mpunga ulioanikwa juu ya lami jua la saa saba hukauka ganda na tabaka la nje huku kiini kikiwa bado na maji, na punje hupata nyufa usizoziona. Ukinyeshewa baada ya kukauka, nyufa zinazidi. Mashineni unazikuta zimekuwa chenga. Upepo wa kichanja unatoa maji polepole, nje na ndani kwa pamoja.

Kinachoharibu kazi hiyo mara nyingi ni mganda mnene. Ukiufunga mnene, moyo wake haupati hewa; unapata joto, kisha ukungu, na harufu haitoki tena. Kufunga asubuhi masuke yakiwa na umande kunaleta yale yale. Tena mabua yakikauka yanasinyaa na kamba inalegea, kwa hiyo kabla ya kuhifadhi, miganda hufungwa upya. Mganda mkavu una takriban kilo 3 hadi 5. Ukiingiza mkono katikati na kuhisi ubaridi, urudishe kichanjani.

Ghala lao huitwa leuit. Limeinuliwa juu ya nguzo, kuta ni za mbao na mianzi zinazotanuka kuelekea juu, paa ni la nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi wanaougema sukari. Mlango ni mdogo, uko juu kabisa chini ya paa, ngazi hutegeshwa pale tu inapohitajika. Maghala yanajengwa mbali na nyumba kwa hofu ya moto. Kubwa huchukua mamia ya miganda, na kati ya mganda na mganda hewa inapita. Kuna pia ghala la jamii, Leuit Si Jimat: kila kaya huweka sehemu ya mavuno, na anayepungukiwa hukopa akarudisha akivuna. Mchele hutwangwa kidogo kidogo, kwa michi, ndani ya kinu kirefu kama mtumbwi, kwa sababu mashine ya kukoboa nayo wameikataa. Fedha wanazipata kwa sukari ya mti ule wanaougema na mazao mengine, umeme kwa mitambo midogo ya mtoni. Maji ya mto huo yanatoka kwenye msitu wa juu, ambao mila inauita amana na hakuna anayeruhusiwa kuukata.

Kwako sikushauri ubadili ekari zote. Kuvuna suke moja moja ni kazi ya watu wengi na siku nyingi, na mbegu ya SARO 5 ni fupi mno kwa kazi hiyo, utaumia mgongo. Anza na mbegu ya Supa, maana ni ndefu na masuke yake yanatokeza. Tenga robo ekari ya mpunga wa kula nyumbani na wa mbegu. Vuna umande ukishakauka, funga mganda ambao vidole vya mikono miwili vinaweza kuuzunguka, na kichanja kiwe juu ya kiuno, mahali penye upepo. Mpunga wa gunia utauendeleza kama kawaida, ila anika kwa tabaka jembamba juu ya turubai, geuza mara kwa mara, na usifunge gunia kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 14, au 13 kama unataka ukae muda mrefu. Magunia yapande juu ya mbao, yasiguse ukuta.

Siku ya kumi, chagua mganda mmoja kutoka katikati ya kichanja, ufungue, unuse, uume punje mbili tatu. Niandikie zimelia vipi menoni.

Wako akupendaye,
Rehema