Goti Halina Mafuta ya Kuisha: Kwa Nini Hatuanzi na Eksirei Yako

Wiki haipiti bila mtu kuingia kituoni kwetu na bahasha kubwa ya kaki kwapani. Wa karibuni alikuwa mama wa miaka sitini na ushei. Alisalimu, akaketi polepole huku mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo wa kiti, kisha akasema maneno ambayo sisi wa fiziotherapia tunayasikia karibu kila siku: “Nimeambiwa mafuta ya magoti yameisha. Mifupa inasagana.” Akatunyooshea bahasha tuifungue. Tukamwomba aiweke mezani kwanza, ainuke, aketi, ainuke tena bila kushika kitu. Alitutazama kama watu waliokosa adabu.

Hatumlaumu. Mtu amepigwa picha, amesomewa majibu, amekuja na ushahidi mkononi, halafu anaambiwa simama, keti. Tumeona ni vyema tueleze kwa maandishi kwa nini tunafanya hivyo, ili anayekuja kesho asidhani tunampuuza.

Tuanze na hayo mafuta. Ndani ya goti hakuna mafuta ya kulainisha, kuna ute. Ni mzito na unateleza, unafanana sana na ute wa yai, na katika goti zima ni mchache mno, haujazi hata kijiko cha chai. Ajabu yake ni kwamba goti lililochakaa na kuvimba mara nyingi lina ute mwingi kuliko goti lenye afya. Kilichopungua ni uzito wa ute wenyewe, umekuwa majimaji. Kwa hiyo ukiona goti limetuna, ujue limejaa, halijakauka.

Kinacholika hasa ni gegedu, lile tabaka jeupe linaloteleza lililofunika ncha za mifupa mahali inapokutana. Mwaka 1743, daktari Mskoti William Hunter aliwaeleza wanasayansi wenzake jijini London kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karibu karne tatu zimepita, na mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kuliotesha upya. Atakayekuuzia kwa ahadi hiyo, funga pochi.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo sisi tunapoomba wasikilize zaidi. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kupitia ule ute, na linakipata namna sifongo linavyonyonya maji: likigandamizwa linatoa, likiachiwa linavuta. Ukitembea, ukiinama, ukiinuka, unalilisha. Ukilala miezi mitatu “kulitunza goti”, unalinyima. Pia gegedu halina mishipa ya fahamu, yaani lenyewe haliumi. Maumivu hutoka kwa majirani zake: mfupa ulio chini yake, utando unaotengeneza ute, kano, na misuli iliyolegea ikashindwa kubeba kazi yake. Majirani hao wengi wao tunaweza kuwasaidia.

Sasa turudi kwenye bahasha. Tangu mwaka 1957 madaktari hupanga uchakavu wa goti kwenye eksirei kwa daraja kuanzia 0 (hakuna uchakavu) hadi 4 (uchakavu mkubwa), mfumo wa Kellgren na Lawrence. Ni mfumo mzuri wa kueleza picha, ila kueleza mtu ni habari nyingine. Tumewaona wa daraja la 4 wanaopanda ngazi na mizigo, na wa daraja la 1 wanaochechemea. Utafiti uliotoka mwaka 2008 ulipiga MRI, yaani picha ya sumaku, magoti ya watu 991 wa mji wa Framingham, Marekani, wenye umri wa miaka 50 hadi 90. Hawakuchaguliwa kwa sababu ya maumivu, walikuwa wakazi tu. Kati ya wale ambao visahani vya gegedu vya katikati ya goti, yaani meniski, vilikutwa vimechanika, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala ukakamavu wa goti katika mwezi uliotangulia. Mchaniko upo, picha inauonyesha, mwenyewe hana habari. Mengi yanayoandikwa kwenye ripoti za picha ni kama mvi: yanatuambia umri umekwenda, na mvi haziumi.

Utafiti unaotukosesha usingizi sisi tunaotibu watu ni wa mwaka 2002, uliofanyika Houston, Texas. Wakati huo goti chakavu likisumbua, ilikuwa kawaida kuingiza kamera ndogo ndani yake, kulisafisha kwa maji na kukwangua yaliyolegea. Wagonjwa waliamka na nafuu, madaktari waliridhika. Daktari mpasuaji Bruce Moseley na wenzake wakachukua wagonjwa 180 na kuwagawa kwa bahati nasibu makundi matatu. Kundi moja lilisafishwa kwa maji, la pili likakwanguliwa pia, na la tatu likachanwa ngozi tu. Kwa hao wa tatu, wahudumu waliomba vifaa kama kawaida na kurushia maji ili sauti ya operesheni isikike, kisha vidonda vikashonwa. Wote walikuwa wamekubali mapema kwamba huenda wakaangukia kundi la kuigiziwa. Walifuatiliwa miaka miwili. Hakuna wakati wowote ambapo waliopasuliwa kweli walikuwa na maumivu pungufu kuliko waliochanwa ngozi tu.

Soma hiyo sentensi mara mbili. Haina maana kwamba maumivu yao yalikuwa ya kufikirika. Ina maana kwamba mtu kupata nafuu baada ya tiba hakuthibitishi kwamba tiba ndiyo iliyomponya. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda hospitali yakiwa kileleni. Hata sisi linatuhusu. Zamani tuliwalaza wateja kitandani nusu saa chini ya taa ya joto, wakaondoka wanatabasamu, tukajipongeza. Ile taa tunayo bado. Inapasha joto vizuri, lakini haifanyi goti liwe na nguvu, na siku hizi tunasema hivyo waziwazi.

Kwenye sindano tutapita haraka. Ile inayoitwa ya “kuongeza mafuta” ina asidi ya hayaluroniki. Mwaka 2022 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 169 yenye washiriki zaidi ya 20,000, na tofauti ya maumivu kati ya sindano hiyo na ya maji matupu ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa wa kawaida asingeitambua. Ya steroidi inapooza uvimbe kwa wiki kadhaa, na wakati mwingine wiki hizo ndizo zinazomwezesha mtu kuanza mazoezi. Kuichoma kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, kama walivyofanya katika jaribio lililotoka mwaka 2017, hakukupunguza maumivu kuliko maji ya chumvi, na gegedu lilipungua zaidi. Vidonge vya glukosamini? Mwaka 2006, katika jaribio la watu 1,583, kwa jumla havikuvishinda vidonge vitupu visivyo na dawa.

Basi kinachobaki ni kipi? Ni misuli, na hiki ndicho tunachouza, kwa hiyo una haki ya kutusikiliza kwa tahadhari. Lakini miongozo ya kimataifa ya kutibu uchakavu wa viungo inakubaliana kwa jambo hili: mazoezi na elimu kwanza, kupunguza uzito kwa aliye na uzito mkubwa, dawa kama msaada, kisu mwishoni. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayopokea kishindo kila unapokanyaga. Ikisinyaa, kishindo kinaishia kwenye mfupa. Kuhusu uzito hatumsimangi mtu. Tunamtajia hesabu moja tu, iliyotolewa mwaka 2005 na watafiti waliopima mwendo wa watu wazito wenye magoti chakavu: kila kilo moja iliyopungua mwilini ililipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Zidisha kwa hatua unazopiga kwa siku.

Kwa hiyo lile zoezi la simama-keti halikuwa mzaha. Tunahesabu ni mara ngapi mtu anaweza kuinuka kitini kwa sekunde 30 akiwa amekunja mikono kifuani. Yule mama aliinuka mara sita. Tukaona pia jambo ambalo eksirei isingeonyesha: kila akiinuka, mwili wote uliegemea mguu wa kushoto, ule wa kulia ulikuwa unasindikiza tu. Alipoambiwa akanyage sawasawa, akasema, “Naogopa utavunjika.” Alikuwa ameuogopa mguu huo kwa miaka miwili, tangu alipoambiwa mifupa inasagana. Tulianza na kiti kirefu, akiinuka na kuketi polepole, mikono mezani. Kiti kikashushwa kidogo kidogo wiki baada ya wiki.

Maumivu wakati wa mazoezi ndiyo yanayowatisha wengi wakaacha. Kanuni tunayoitumia inafanana na ya programu iliyoanzia Denmark mwaka 2013 na kuenea nchi nyingi. Yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10. Mpaka 2 endelea bila wasiwasi. Kati ya 3 na 5 yanavumilika, mradi kesho yake goti limerudi lilivyokuwa. Yakipita 5, au goti likiamka limevimba, hujavunja kitu, umezidisha kipimo tu, punguza. Nafuu ya maana huchukua wiki, si siku. Anayekuahidi siku tatu anakuuzia ile taa.

Na goti kulia “kwa kwa kwa” ukichuchumaa? Kama haliumi, liache lilie. Kuna daktari mmoja Mmarekani, Donald Unger, aliyealisha, yaani kuviliza, vidole vya mkono wa kushoto pekee kwa miaka 50, kisha mwaka 1998 akaandika kwamba hakuna mkono uliopata ugonjwa wa viungo. Mtu mmoja si utafiti, lakini uvumilivu wake tunauvulia kofia.

Si kila goti ni letu, na hapa tafadhali usitupigie sisi kwanza. Goti lililovimba ghafla, jekundu, la moto, na mwili una homa, ni la hospitali siku hiyohiyo, maana wadudu wakiingia ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache. Kidole gumba cha mguu kinachokuamsha usiku kwa maumivu makali, huenda ni jongo, na jongo lina dawa. Ukiamka viungo vidogo vya mikono yote miwili vimekakamaa zaidi ya saa nzima, wiki baada ya wiki, hiyo yaweza kuwa baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Huko utafiti umezaa matunda makubwa: dawa ya methotreksati, na baadaye dawa za kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, zimewaokoa wengi na ulemavu, ila zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema. Ukakamavu wa goti lililochakaa kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa.

Wala hatuna ugomvi na wapasuaji. Jaribio la Denmark lililotoka mwaka 2015 lilichukua watu 100 waliostahili kubadilishiwa goti: nusu wakapasuliwa na kupata mazoezi, nusu mazoezi na huduma nyingine bila kisu. Baada ya mwaka waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi, ingawa pia walipata madhara makubwa mengi zaidi. Katika kundi la pili, robo tatu hivi walikuwa bado hawajaona haja ya kisu. Goti bandia linadumu: katika uchambuzi wa mwaka 2019, kama asilimia 82 ya magoti yaliyobadilishwa kikamilifu yalikuwa yangali mahali pake baada ya miaka 25. Kama umefanya mazoezi kwa dhati miezi kadhaa na usiku hulali kwa maumivu, tutakuandikia barua ya kwenda kwa mpasuaji sisi wenyewe. Misuli uliyoijenga utaihitaji siku ya pili tu baada ya operesheni.

Siku ya kwanza tenga saa moja. Vaa nguo inayopanda juu ya goti na viatu unavyotembelea kila siku, hata kama soli imelika upande, tunataka kuona imelikia wapi. Njoo na orodha ya dawa zako zote, pamoja na zile unazoona haya kuzitaja. Bahasha pia uje nayo. Tutaifungua, ila baada ya kukuona ukiinuka kitini.