Mwambie mjomba sijahama fizikia

Linköping, Uswidi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Dada kanifikishia swali la mjomba: huyu tulimsomesha fizikia, mbona siku hizi anahangaika na damu za watu?

Chukua kile kijiti unachopimia sukari, ukigeuzegeuze kwenye mwanga. Ile mistari inayokwenda hadi kwenye ncha inayonyonya damu ni elektrodi. Pale nchani pamepakwa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali; hicho hung'oa elektroni kutoka kwenye glukosi, ndiyo sukari ya damu, na kemikali nyingine huzibeba mpaka kwenye elektrodi. Mashine hutia umeme kidogo, haufiki hata volti moja, ikapima mkondo unaopita. Sukari ikipanda, mkondo nao hupanda. Namba unayomsomea daktari imetokana na elektroni, mama. Kama hiyo si fizikia, mjomba aniambie ni nini.

Jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1962 Clark na Lyons, Wamarekani, waliweka kimeng'enya kwenye elektrodi ya kupimia oksijeni, sukari wakaipima kwa oksijeni inayopungua. Mwaka 1984 watafiti wa Oxford na Cranfield, Uingereza, wakaacha kutegemea oksijeni, elektroni zikabebwa na ferosini, mojawapo ya zile kemikali za kubeba. Vipimo vya mfukoni vilipata njia hapo.

Mimi nimeingilia mlango wa nyuma. Pale Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, nilikuwa natengeneza tando nyembamba za seli za jua. Huku wanaunda vipimo vya kutafuta vijidudu kwenye damu, wakataka mtu wa kuweka utando wa dhahabu juu ya kioo. Kazi ni ileile! Dhahabu na salfa hushikana sana, kwa hiyo vipande vya DNA vikitiwa salfa mkiani husimama juu ya dhahabu kama mikoko kwenye tope. DNA ya kijidudu tunachokitafuta ikija, inaoana navyo, mkondo unabadilika.

Kwenye maji ya chumvi safi mambo huwa mazuri mno. Lete damu sasa: protini zinaganda kila mahali juu ya dhahabu, dalili tunayoitafuta inamezwa. Tafiti nyingi huishia kwenye yale maji safi, na kwa maoni yangu ndiyo sababu vipimo vingi vinavyosifiwa havifiki zahanati. Mimi nahangaika na hizo protini.

Halafu, mama, vijiti visitolewe kwenye kopo lake na kuwekwa kwenye bakuli. Unyevu wa Tanga unaviharibu. Vilivyopita tarehe vitupwe, hata kama vimebaki vingi. Hela ya kopo jipya nimemtumia dada kwenye simu.

Wasalimie wote.

Mwanao