Kabla hamjafungua sanduku

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako. Barua yako nimeipata. Mko watu ishirini wenye biashara ndogondogo, nusu yenu hawajui kusoma vizuri, lugha za nyumbani ni mbili, nawe unauliza muanze na lipi: mtaji, masomo au katiba. Kwa kweli hayo matatu hayaachani, ila mkitanguliza mtaji mtajuta. Fedha ya mfadhili ikiingia kabla kikundi hakijazoea kuhesabu ya kwake, huishia kwa wajanja wawili watatu.

Anzeni na sanduku la akiba: wanachama huweka fedha pamoja, hukopeshana kwa riba, na mwishoni hugawana kulingana na hisa. Utaratibu wake ulianzishwa na shirika la misaada la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa ajili ya wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, ndiyo maana hata asiyejua herufi anaweza kugundua kama anaibiwa. Wanachama wawe 15 hadi 25, wasizidi. Sanduku liwe la chuma, lenye kufuli tatu, na funguo zikae kwa watu watatu tofauti ambao si viongozi. Katika kila mkutano mtu ananunua hisa 1 hadi 5, kila hisa ni mhuri mmoja kwenye kitabu chake. Nafasi zilizobaki wazi zipigwe mstari papo hapo, la sivyo mihuri itaota usiku. Vitabu vilale ndani ya sanduku, visiende nyumbani kwa mtu. Kabla ya kufunga, salio litangazwe kwa sauti na wote walishike kichwani. Mkutano unaofuata walitaje kabla kufuli hazijafunguliwa.

Penye hatari hasa ni katiba, na ndani yake kifungu cha riba. Vikundi vingi huandika "riba ni asilimia 10" vikaishia hapo. Chukua mkopo wa 30,000 kwa miezi mitatu. Kama riba ni ya mara moja, mkopaji analipa 3,000. Kama ni ya kila mwezi juu ya mkopo wa mwanzo, analipa 9,000. Kama ni ya kila mwezi juu ya deni lililobaki, naye anapunguza 10,000 kila mwezi, analipa 3,000, kisha 2,000, kisha 1,000, jumla 6,000. Kifungu kimoja, madeni matatu, na siku ya kukipitisha kila mtu aliitikia ndiyo! Ugomvi ukizuka mwezi wa tatu watu husema fulani ni mroho, kumbe tatizo ni uandishi. Basi mfano wenye tarakimu uwekwe ndani ya katiba yenyewe.

Katiba iandikwe kwa lugha ambayo wanachama hutaniana na kugombania, si ile ya ofisini. Kwa kuwa zenu ni mbili, iwe kwa zote mbili, na mkubaliane mapema nakala ipi itaamua zikipishana. Kila kifungu kikishasomwa, usiulize "mmeelewa?" Wataitikia tu. Mchague mmoja, tena asiwe msemaji sana, akieleze kwa maneno yake: nani analipa, kiasi gani, lini, na akichelewa inakuwaje. Akikwama, kiandikeni upya. Mtamaliza mikutano kadhaa kwa kazi hii na watu watalalamika, lakini msiporuhusu maswali sasa, katibu ndiye atakayekuwa katiba.

Masomo yawe dakika 20 kabla ya sanduku kufunguliwa. Yakiwekwa mwishoni, nusu ya watu watakuwa wameshaondoka kwenye biashara zao. Mwalimu Paulo Freire alipofundisha watu wazima kusoma huko Angicos, Brazil, mwaka 1963, alianza na maneno ya maisha na kazi zao. Nanyi kitabu cha hisa kinatosha kuwa kitabu cha kiada. Kwanza mtu ahesabu mihuri yake na kuandika jumla. Kisha azidishe kwa bei ya hisa, halafu atoe deni lake. Kugawanya kuje mwisho, maana ndiko kugumu na ndiko kunakohitajika siku ya mgao.

Mgao ufanyike kila baada ya miezi 9 hadi 12, mikopo yote ikiwa imerudi. Tuseme hisa ilinunuliwa kwa 1,000, mihuri yote ni 2,000, na mezani kuna 2,400,000. Kila hisa sasa ni 1,200, mwenye mihuri 90 anapata 108,000. Apige hesabu hiyo mwenyewe ndipo apewe. Kuna watakaosema mgao uahirishwe ili mfuko ukue. Wakatalieni: mara nyingi anayesema hivyo ndiye mwenye deni ambalo halijarudi.

Kuhusu ukubwa wa mkopo, wengi huweka mwisho mara tatu ya akiba ya mtu, na ni sawa. Ila mkopaji aeleze mbele ya wote atanunua nini, atauza lini, na wasipolipa wateja wake atarejesha kwa kutumia nini.

Nitumie rasimu ya katiba kabla hamjaipitisha, hata kama imeandikwa kwa mkono. Nakala zote mbili, tafadhali.

Wasalaam,
Rafiki yako